Kukwama, Mtanziko na Kitanzi: Kuitafutia Jina Hali Isiyo na Pa Kutokea



Mwaka 1961 mwandishi Mmarekani Joseph Heller alichapisha riwaya yake Catch-22. Humo mna kanuni ya kijeshi: rubani mwenye wazimu huondolewa vitani akiomba mwenyewe, lakini aombaye ameiona hatari, na aionaye hatari ana akili timamu, hivyo hana budi kuruka. Kwa Kiingereza anwani hiyo imekuwa msemo wa kila siku. Sisi tuiiteje hali hiyo? Kuitafsiri nambari hakutufai, kwani hata Heller alianza na 18 kabla ya kuibadili.

Neno la kwanza litujialo ni njia panda. Lakini aliye njia panda ana njia mbili. Taabu yake ni kuchagua. Mtanziko, neno walilolizoea wahakiki wetu, lasogea karibu zaidi, kwa kuwa kila chaguo lina hasara yake. Hata hivyo, chaguo lipo. Naye aliyefikwa na maji ya shingo, kichwa chake kingali nje.

Limebaki kukwama. Kitenzi hiki hueleza hali tu; mtenda hajitokezi mpaka tuseme kukwamisha. Gari likikwama matopeni twailaumu mvua. Ndiyo maana ofisi nyingi hupenda kutuambia kwamba suala letu "limekwama".

Sasa mfikirieni mhitimu anayetakiwa awe na uzoefu ndipo aajiriwe, na uzoefu wenyewe haupatikani ila kwa kuajiriwa. Huyu hakukwama, yumo kitanzini. Kitanzi kina sifa ambazo maneno yale mengine hayana. Kwanza, kadiri mnyama anavyojivuta ndivyo kinavyombana: juhudi zake zamgeukia. Pili, kitanzi hakijifungi chenyewe, yuko aliyekitega.

Je, neno hili linakata tamaa kabisa? Sarufi yetu inakataa. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga ina fungua, tega ina tegua, kwama ina kwamua. Penye kitanzi pana kutanzua. Lakini kitanzi hulegezwa na mkono ulio nje yake, na kwanza kabisa mkono uliokifunga. Kumhimiza aliyemo aongeze bidii ni kumkaza zaidi.

Kwa hiyo napendekeza kanuni ya namna hii tuiite kanuni-kitanzi. Istilahi hii haihitaji kuelezwa kwa mkulima wala kwa mwanasheria, na inabeba ndani yake swali ambalo kukwama hulificha. Tukisema vijana wamekwama, twawaonea huruma, kisha twaenda zetu. Tukisema wametiwa kitanzini, hatuna budi kuuliza ni nani aliyewatia. Na kanuni, kwa kuwa imeandikwa na watu, watu waweza kuitangua.