Sahani ya Mzee: Maneno Yaliyosomwa na Karani Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya wazazi wetu waliobaki milimani Taita, hali sisi tuko hapa Mombasa tukitafuta riziki. Twaomba radhi mapema, kwa maana maneno mengine si matamu.

Katika hesabu mliyokwisha kusomewa, fungu kubwa kupita yote ni la mazishi: jeneza, gari, turubai na chakula cha matanga. Hatulaumu. Kumrudisha mtu kwao kwa heshima ni kazi ya asili ya vyama kama hiki. Lakini tumepekua daftari lote tukitafuta fungu la kumlisha mzee angali hai, hatukuliona.

Msidhani wazazi wametupwa. Kila mwisho wa mwezi mabasi ya Voi na Wundanyi hupakia vifurushi vyetu vya sukari, majani ya chai, unga mweupe na mikate. Serikali nayo ilipanua mpango wake mwaka 2018, ili wazee waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni wapate shilingi 2,000 kwa mwezi. Yote ni mema. Ila sukari haijipiki, wala shilingi haichimbi muhogo.

Tulipotumwa kuzuru nyumba za wazee, tulimkuta bibi mmoja, mjane, kabatini mwake mna paketi sita za sukari. Mchana ule alikuwa amekunywa chai ya rangi tu, na jana yake vivyo hivyo. Hatua kumi kutoka mlangoni pana migomba yake na muhogo wake, na maharage yamo debeni. Ila mikono haina nguvu ya jembe, kuni zi mbali, na maji yako bondeni. Aliona haya kumwomba jirani, asije mtu akasema watoto wamemtupa. Wanawe ni wanachama wenzetu, nao hawakosi kutuma. Hatuwataji majina, wamo humu ukumbini.

Mwili wa mzee hupoteza nyama upesi asipopata maharage, kunde, maziwa au mayai. Kiu nayo humpungua hata asahau kunywa maji. Mtu aliyedhoofika hivyo huanguka, na akivunjika nyonga huenda asiinuke tena. Chakula cha kumsaidia kimo shambani: kimanga, yaani muhogo au ndizi zilizopondwa pamoja na maharage, laini kwa asiye na meno, mchicha na mnavu, uji wa wimbi. Wazee hawa walikula hayo tangu utoto. Sisi ndio tuliowafundisha kwamba mkate ni heshima.

Wako wasemao, mleteni mama mjini. Baadhi yetu tumejaribu. Alishinda katika chumba kimoja, mlango umefungwa, akiuliza kila jioni basi litaondoka lini.

Kwa hiyo Kamati yaomba sehemu moja ya kumi ya fungu la mazishi itumike hivi: katika kila kijiji kina mama wachague nyumba iliyo karibu na mzee, ambamo chungu hupikwa kila siku. Sisi tutaleta maharage, mafuta na kuni, vinunuliwe hukohuko kwa wakulima wetu, na sahani ya mzee itoke katika chungu hicho. Anayeipeleka aketi naye kidogo, amwone anakula. Mzee mmoja wa Kamati alipinga, akasema kuulipa ujirani ni kuuvunja. Ana haki ya kuogopa, ndiyo maana hatutoi mshahara. Lakini jirani huyo naye ana watoto wa kulisha, na haifai tuutegemee wema wake huku mfuko wetu umefungwa.

Daftari li mezani petu. Kabla ya kutoka, kila mwanachama mwenye mzazi aishiye peke yake aandike jina la mzazi, kijiji chake, na jirani wa karibu. Asiyelijua jina la jirani huyo, mwezi huu asitume sukari. Apande basi aende akaulize.