Hatia ya Kutwishwa: Maongezi na Vikundi vya Macalder

Leo sikuja na habari ya mbuzi wa maziwa wala ya kisima. Nataka tuongee juu ya neno ambalo kila mmoja hapa ameshalisikia: "Baada ya yote tuliyokufanyia!"

Kwa Kiswahili haya ni masimango. Mtu anakutendea wema, halafu anauhesabu mbele yako mpaka ukubali analotaka.

Mama mmoja alifiwa na mume, shimo la dhahabu liliporomoka. Kabla matanga hayajaisha mashemeji wakaanza: "Ng'ombe wa mahari tulitoa sisi. Na wewe ndiye ulimsukuma aingie shimoni kutafuta karo." Akanyamaza. Wakamwambia tena, asipokubali jater hatajenga nyumba, na mtoto akiugua basi ni chira, yeye ameileta. Juma lile lile mtoto akashikwa na homa. Si mnajua kando ya ziwa malaria ilivyo? Lakini mama alilia usiku kucha, "Ninamuua mtoto wangu." Na shemeji mkubwa alikuwa tayari ameomba hati ya shamba, eti aiweke mahali salama.

Hapo angalieni vizuri. Lawama ilitangulia, nyuma yake kukawa na kitu kinachotakiwa. Ukimkosea mtu kweli, atakuambia kosa na namna ya kulitengeneza, mkimaliza yamekwisha. Masimango hayaishi. Ukilipa leo, kesho deni liko pale pale.

Sisemi tero haikuwa na kazi. Ilikusudiwa kumtunza chi liel na watoto, na wako wanaokubali kwa hiari. Mimi nasema juu ya kukubali kwa woga. Sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia dhuluma za nyumbani inataja waziwazi kumrithi mjane kwa nguvu na kumtakasa mjane, na hata kumtesa mtu moyoni. Na sheria ya urithi inakataza mtu kujiingiza katika mali ya marehemu bila idhini.

Yule mama hakugombana. Alisema, "Shemeji, nimesikia. Nitajibu baada ya wiki mbili, mbele ya wazee na kikundi changu." Akapeleka mtoto zahanati, damu ikapimwa, ni malaria, akapewa dawa. Kuhusu hati shemeji akauliza, "Kwani hutuamini?" Akajibu, "Hati ni ya watoto." Basi. Hakuongeza maelezo, maana kila maelezo unayotoa yanageuzwa kuwa lawama nyingine.

Kilichoniuma ni sisi wanakikundi. Watatu walimwendea wakamwambia, "Vumilia tu, mama." Hiyo ni kumsaidia anayemkandamiza. Nendeni mkae naye siku mashemeji wanapokuja, hata bila kusema neno.

Na tusicheke wengine. Mimi mwenyewe nilizoea kuwaambia, "Nimetoka mbali hivi na mmekuja wanne!" Na ninyi akina mama, simu kwa kijana wa Nairobi inaanza na miezi tisa ya mimba. Mwambie tu, "Nahitaji mbolea, unaweza kiasi gani?" Akisema hana, mwulize habari za watoto.

Wiki mbili zilipoisha mama alikataa, mbele ya wazee. Shemeji mkubwa hajakanyaga dala ile mpaka leo. Mdogo wake alikuja na misumari, akapigilia mabati ya jikoni.