Ini la panya lakaa siku 3 nje ya mwili

Ini likishatolewa kwa marehemu na kuwekwa kwenye barafu, madaktari wana takriban saa 12 tu za kulipandikiza. Mgonjwa akiwa mbali, hulikosa.

Mwaka 2014, mjini Boston, Marekani, Korkut Uygun na wenzake walihifadhi maini ya panya kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri bila kuganda, wakitumia sukari maalumu inayolinda seli. Panya wote waliopandikizwa maini yaliyokaa siku 3 walikuwa hai miezi 3 baadaye. Yalipokaa siku 4, walionusurika walikuwa asilimia 58.

Lakini ini la binadamu hukaribia kilo moja na nusu, nalo huganda kwa urahisi zaidi. Mwaka 2019 watafiti hao walifikisha saa 27. Maini hayo yalijaribiwa maabara, hayakupandikizwa kwa mgonjwa yeyote.