Sanduku Lililosahauliwa



Wengi wetu twalijua ua la kana. Majani yake ni mapana kama ya mgomba, na maua yake ni mekundu au ya manjano. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, lakini hapa Kenya limekuwa mwenyeji. Hustawi kando ya mtaro na katika uwanja wa kanisa, wala hakuna anayelihangaikia.

Tulipokuwa masomoni Uingereza tulilikuta katika bustani ya chuo. Huko si mmea wa kuachwa ujitunze. Majira ya baridi yakianza, sakitu, yaani umande ulioganda, huanguka usiku, na asubuhi majani yote yamekuwa meusi, mfano wa chai ya Kericho iliyoungua kwa baridi. Tulidhani mmea umekufa. Mzee mtunza bustani akasema, "Bado." Akakata mabua yakabaki kama sentimita 15, akachimba, akatoa mashina ya chini, manene kama tangawizi. Akayakung'uta udongo, akayalaza katika sanduku la mchanga wenye unyevu kidogo, akaliweka ghalani pasipofikiwa na barafu.

Sisi tulidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kila baada ya majuma machache mzee alifungua sanduku. Palipooza alipakata. Mchanga ulipokauka alinyunyizia maji kidogo, kwa maana mashina yale yakilowa sana huoza, na yakikauka kabisa hufa. Mwezi wa Machi aliyapanda vyunguni mahali penye joto, na mwanzoni mwa Juni, hatari ya sakitu ilipopita, akayapanda nje. Agosti yakachanua.

Mwaka uliofuata tulikabidhiwa sisi kazi hiyo. Tulikata vizuri, tukachimba vizuri, tukafunga sanduku. Kisha mitihani ikaja, tukasahau. Tulipofungua mwezi wa Machi tulikuta vitu vikavu kama kuni. Si baridi iliyoyaua. Ni sisi.

Ndugu zangu, twalikumbuka sanduku lile kila tutokapo mazishini. Juma la kwanza tunajaa nyumbani kwa mjane, twaimba, twachanga, twapika. Juma la tano ni nani anayebisha hodi? Mama mmoja tulimfikia baada ya miezi minne, naye akatuambia, "Mchungaji, nilidhani mlinizika pamoja naye." Hatukuwa na jibu.

Aliyeunguzwa na majira mabaya hajafa. Mungu ameacha uhai ndani yake, nasi ametukabidhi kuulinda. Basi leo, kabla jua halijatua, mkumbuke mmoja. Usiende na mahubiri. Nenda na sukari na majani ya chai, uketi naye.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa ajili ya wale tuliowasahau, utupe moyo wa kurudi kwao. Amina.