Kompyuta Inapokata Picha Zetu

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu vile vijipicha vidogo vinavyotangulia habari katika kurasa za intaneti. Huenda ukaona ni jambo dogo. Nami niliona hivyo, mpaka nilipopokea barua ya bibi mmoja wa Muscat.

Tulikuwa tumetayarisha kipindi juu ya mpiga udi mkongwe wa taarabu. Picha yake ilikuwa nzuri mno: mzee amesimama, amevaa kanzu na kofia, udi ameukumbatia kifuani. Katika ukurasa wa ndani picha ilikaa sawasawa. Lakini katika ukurasa wa mbele, penye kijipicha, palionekana kanzu, mikono na tumbo la udi. Kichwa hakikuwapo. Bibi yule aliandika: "Mwanangu, babu wa watu mmemfanya nini? Mmemchinja?"

Hakuna mtu katika chumba chetu cha habari aliyemkata yule mzee. Aliyemkata ni programu ya kompyuta, tena kwa kufuata hesabu aliyopewa, bila kukosea hata nukta moja. Hebu tuitazame hesabu yenyewe.

Picha ya kompyuta ni nukta za rangi, yaani pikseli, zilizopangwa safu kwa safu. Ya mzee wetu ilikuwa na pikseli 800 kwa upana na 1200 kwa kimo. Kijipicha kilitakiwa kiwe 160 kwa 120, kimelala. Mtu angeweza kuibana picha yote iingie humo kwa nguvu, lakini basi upana ungepungua mara 5 na kimo mara 10, na mzee angetoka mfupi na mnene kama mtungi. Ndiyo maana waandishi wa programu hukata kwanza, kisha hupunguza. Ili kupata umbo lililolala, programu yetu ilichukua upana wote wa 800 na kimo cha 600 tu. Zile 600 nyingine zilitupwa: 300 kutoka juu na 300 kutoka chini, kwa kuwa programu ilikuwa imeagizwa ishike katikati. Na katika zile 300 za juu ndimo kilimokuwa kichwa cha mzee.

Baada ya kukata, huja kupunguza. Kutoka 800 kwa 600 hadi 160 kwa 120, kila pikseli 25 lazima ziwe 1. Hapa pana njia ya uvivu na njia ya uangalifu. Ya uvivu ni kuchagua pikseli moja na kuzitupa 24. Ni ya haraka, lakini nyuzi za udi hukatikakatika na kingo za kofia huwa kama meno ya msumeno. Ya uangalifu ni kuzichanganya zote 25 na kupata rangi yao ya wastani. Wale waandikao kwa lugha ya PHP wanayajua maagizo mawili yanayokaribiana majina, imagecopyresized na imagecopyresampled. La kwanza ndilo la uvivu. Ni tovuti nyingi zilizoharibu picha zao kwa kutotofautisha maneno hayo mawili.

Sisi tulikuwa tukitumia lugha ya Python pamoja na maktaba yake ya picha iitwayo Pillow. Humo agizo la kukata na kupunguza, fit, hupokea namba mbili zinazoeleza mahali pa kushika. Usipoziandika, maktaba hujiwekea 0.5 na 0.5, yaani katikati kabisa. Mwenzetu mtaalamu aliibadili ya pili kuwa 0, ili sehemu ya juu ya picha ibaki daima. Tukafurahi kwa siku chache. Kisha ikaja habari ya wasuka mikeka, wanawake wameketi chini barazani, na kijipicha kikaonyesha ukuta mtupu.

Wapo waliofikiri kwamba dawa ni akili bandia. Mwaka 2018 kampuni ya Twitter, ambayo tangu 2023 inaitwa X, ilianza kutumia mfumo uliokisia mahali ambapo jicho la mtu lingetua kwanza katika picha, kisha kukata kuzunguka mahali hapo. Septemba 2020 watumiaji wakaujaribu. Walitengeneza picha ndefu, mwisho mmoja wakaweka uso wa Barack Obama na mwisho wa pili uso wa Seneta Mitch McConnell; kijipicha kikamchagua McConnell. Kampuni ikafanya uchunguzi wake, na Mei 2021 ikatangaza kwamba mfumo uliwapendelea weupe kuliko weusi kwa tofauti ya asilimia 4, na wanawake kuliko wanaume kwa asilimia 8. Ikaafiki kwamba namna ya kukata picha ni uamuzi unaowafaa zaidi watu wenyewe.

Nakubaliana nao, ingawa si kwa moyo mweupe kabisa. Januari mwaka 2020 huko Davos, Uswisi, msichana wa Uganda, Vanessa Nakate, alipigwa picha pamoja na wanaharakati wenzake wanne wa mazingira, wote weupe. Shirika la habari la Associated Press likaisambaza picha hiyo yeye akiwa amekatwa. Aliyeikata hakuwa mashine. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha. Baadaye mhariri mtendaji wa shirika hilo aliomba radhi. Mkono wa mtu nao unakata, wasikilizaji. Tofauti ni kwamba Nakate aliweza kuuliza kwa nini, na yupo aliyelazimika kumjibu.

Basi nasi tuliamua hivi. Mhariri wa zamu anapopokea picha huibonyeza mahali penye uso, au penye jambo linalosimuliwa, na namba mbili za mahali hapo huhifadhiwa pamoja na picha asilia, ambayo haiguswi kamwe. Programu hulizungushia eneo hilo dirisha lake. Ikiwa uso uko karibu na ukingo, dirisha husogea mpaka linapogota ukingoni na kusimama hapo. Na jina la mhariri aliyebonyeza huandikwa.

Tukairudia picha ya mzee. Uso ukaonekana, kofia ikaonekana, bibi wa Muscat akaandika tena kushukuru. Kisha akaongeza: "Lakini sasa udi mmeukata nusu."

Ni kweli. Picha iliyosimama na dirisha lililolala havipatani, bonyeza utakapobonyeza. Kwa mzee yule tukaacha kukata kabisa: tukaipunguza picha nzima hadi 80 kwa 120, pembeni tukaacha nafasi tupu ya pikseli 40 kila upande. Ukurasa wetu wa mbele ulikuwa na pengo mbavuni kwa wiki nzima.