Moduli Inapogoma Kupakiwa: Mada kwa Mafundi wa Seva za Apache



1. Moduli na sababu za kugoma

Nimeombwa nianze na maana. Moduli ni faili la .so ambalo Apache hulipakia inapowaka, kwa agizo la LoadModule. Sababu za kugoma mnazijua: njia ya faili imekosewa, moduli ilijengwa kwa toleo la 2.2 na seva ni 2.4, mod_proxy_http imeitwa kabla ya mod_proxy, au maktaba inayotegemewa haipo. Someni mwisho wa ujumbe wa kosa. Kinachokosekana hutajwa pale. Mkiwa na shaka, ldd itawaonyesha.

2. Alama ya reli

Hapa ndipo ninapoomba muda wenu. Ni usiku, tovuti haipatikani, simu haziachi kuita. Fundi wa zamu anaweka alama ya reli (#) mbele ya mstari wa LoadModule. Seva inawaka, watu wanashukuru, wanakwenda kulala.

Katika taasisi moja niliyoihudumia, mstari uliozimwa hivyo ulikuwa wa mod_security2, na kanuni zake zote zilikuwa ndani ya fungu la IfModule. Moduli isipokuwepo, Apache huruka yote yaliyomo bila onyo lolote. Kama fungu lile lisingekuwepo, seva ingekataa kuwaka kwa kutotambua maagizo, nasi tungejua. Badala yake configtest ilitujibu “Syntax OK”. Tulikaa miezi bila ulinzi tukiamini tunao. Chanzo kilikuwa faili moja, libyajl.so.2, na kulisakinisha hakukumaliza hata dakika kumi.

Simlaumu fundi yule. Taratibu hazikumruhusu kusakinisha kitu bila kibali, na usiku hakuna wa kukitoa. Naheshimu taratibu hizo na sababu zake. Lakini nimeliandikia suala hili ripoti mara nyingi, na bado naukuta mstari uleule umezimwa, kwenye seva nyingine.

3. Mapendekezo

Moduli za ulinzi zisizungushiwe IfModule. Zikikosekana, seva na igome.

Orodha ya apachectl -M ihifadhiwe kabla ya kila usasishaji na ilinganishwe baada yake.

Fundi wa zamu apewe kibali cha dharura cha kusakinisha maktaba iliyotajwa kwenye kosa, na atoe taarifa asubuhi.

Usasishaji ujaribiwe kwanza kwenye mashine ya majaribio yenye moduli zilezile.

Anayezima mstari wa LoadModule aandike kandoni jina lake, tarehe na ujumbe kamili wa kosa.

Narudia kuhusu IfModule, kwa kuwa ndilo pendekezo linaloachwa kila mara: anzeni na mod_security2. Kisha fungueni ports.conf kwenye mashine zenu za Debian. Agizo la kusikiliza mlango 443 nalo limo ndani ya fungu la IfModule.