Bahasha: Neno Kutoka Mkoba Hadi Mlungula



Neno bahasha halikuzaliwa posta. Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870, alilieleza kuwa ni mfuko wa pembe nne wenye kifuniko cha pembe tatu, uliotumika hasa kutilia vitabu. Barua za posta zilipoenea, umbo hilo lilionekana katika karatasi iliyokunjwa, na jina likahamia huko. Hapa maana ilihama kwa kufanana kwa umbo.

Uhamaji wa pili ulikuwa wa namna nyingine. Tuchukue Mwalo wa Kirumba, Mwanza, soko la dagaa na samaki wakavu linalofikiwa na wafanyabiashara wa visiwani na wa nchi jirani. Kabla ya M-Pesa kuanza Tanzania mwaka 2008, fedha za kwenda mbali ziliweza kufungwa katika bahasha na kukabidhiwa dereva wa basi. Mtu akisema, “Bahasha imefika,” msikilizaji haulizi habari za karatasi, anaelewa fedha. Chombo kimesimama mahali pa kilichomo. Ndivyo ilivyo pia kanisani, ambako bahasha ni sadaka. Arusini ni mchango, na msibani ni rambirambi. Matumizi haya hayana aibu.

Aibu huingia katika maana ya tatu, yaani mlungula. Dalili yake haimo katika nomino, bali katika kitenzi kinachoandamana nayo. Bahasha ya barua hutumwa, hupokewa, hufunguliwa. Kila tendo lina mtendaji. Ile ya rushwa hutembea. Husemwa, “Kwenye uchaguzi ule bahasha zilitembea,” na papo hapo mtoaji na mpokeaji wametoweka katika sentensi. Karatasi imepewa miguu ili watu waonekane hawana mikono.

Madhara yake humfikia hata asiyehusika: mwenye mchango halali hulazimika kueleza bahasha yake ni ya nini. Kwa hiyo mtunga kamusi asione haya kuiandika maana hii ya tatu pamoja na kitenzi chake. Maana isiyoandikwa huwa maficho, na lugha haikuumbwa iwe bahasha ya kufichia hongo.